Penye Wino wa Kijani

Siku mliyoniaga mlileta keki yenye jina langu, mkanitaka niseme machache. Nilisema machache kweli, kwa sababu kila mmoja wenu alikuwa ameinyanyua simu yake na sikujua maneno yangu yangeishia wapi. Keki nayo niliionja ukingoni tu, maana hakuna aliyekiri kuinunua. Sasa nipo nyumbani Darsait mwezi wa tatu, mkoba wa kazi umetundikwa nyuma ya mlango, na nimeona afadhali niandike kwa mkono wangu mwenyewe yale niliyoyameza siku ile. Vyeo nitaviruka. Mishahara mnaijua.

Nilianza kazi gerezani mwanzoni mwa miaka ya tisini, upande wa wanawake, nikiwa mkalimani wa Kiswahili na Kiarabu na mtunza majalada. Nilizaliwa Unguja, nikaletwa Maskati na mama yangu nikiwa msichana wa miaka kumi na mitano, na Kiarabu changu nilikipata kwa kuchekwa. Siku ya kwanza basi la wafanyakazi lilitushusha nje ya geti la chuma. Mlinzi alikiangalia kitambulisho changu mara tatu, akaniangalia mimi mara nne. Mlinzi wa kike akapekua mkoba, akafungua hata kopo langu la chakula cha mchana. Liliingia na maandazi manne, likatoka upande wa pili na matatu. Nikajua nimefika mahali pa kazi.

Aliyenifunza kazi alikuwa Bi Rayya, mkuu wa upande wa wanawake, mtu wa milimani ndani ya Oman, mfupi, mwenye sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuiomba irudie. Kiswahili hakukijua hata neno. Alinifundisha kuhesabu funguo nikiingia na kuzihesabu nikitoka, hata kama sikuzigusa. Alinifundisha kutazama miguu ya mfungwa kabla ya uso, kwa kuwa uso mtu huupanga na miguu huisahau. Alinifundisha kutojibu swali mlangoni. Na juu ya yote alinifundisha nisiandike nisichokiona. Hilo la mwisho ndilo nililolivunja, na ndilo lililonifanya nikae leo na karatasi hizi.

Wiki yangu ya pili alinipa kalamu ya wino wa kijani. "Askari wanaandika kwa buluu," alisema. "Mimi naandika kwa nyeusi. Wewe utaandika kwa kijani, wewe peke yako." Nilidhani ni heshima. Nilirudi nyumbani nikamwonyesha mama, naye akaishika kwa ncha za vidole na kuuliza, "Kwa nini wewe peke yako?" Mama alikuwa mtu wa shaka kuliko mimi, na mara nyingi alikuwa na haki.

Kulikuwa na mabweni mawili. La kwanza tuliliita la ndani, la wananchi. La pili tuliliita la nje, la wageni, wengi wao wanawake waliokuja kufanya kazi za nyumbani, vibali vikawaishia au walitoroka kwa waajiri. Wa ndani walipata kutembelewa na jamaa siku mbili kwa wiki, na mtu wao akija kuwadhamini waliondoka naye. Wa nje walingoja ndege. Mstari kati ya mabweni hayo ulitakiwa uwe karatasi: mwenye pasi ya nchi huku, mwenye pasi ya kigeni kule. Lakini nyinyi na mimi tunajua kuwa watu huletwa bila karatasi yoyote, na hapo askari wa mapokezi alitumia macho yake. Mweupe asiye na karatasi aliingizwa ndani mpaka karatasi zipatikane. Mweusi asiye na karatasi aliingizwa nje mpaka karatasi zipatikane. Hakuna aliyeiandika kanuni hiyo, na ndiyo maana hakuna aliyeweza kuifuta. Nimewaona wanawake waliozaliwa hapa hapa, mama zao wamezaliwa hapa, wakilala siku tatu na nne katika bweni la nje kwa sababu ya rangi waliyopewa na Mungu, na akija kaka na pasi mkononi aliambiwa tu, "Samahani, imetokea."

Kisha kulikuwa na wale wa aina yetu. Mnajua watu wetu walivyorudi kutoka Afrika Mashariki, wengine kutoka Unguja na Pemba, wengine kutoka bara, mpaka Tabora na Ujiji. Kila mara alitokea mwanamke aliyesema, kwa Kiswahili, kwamba baba yake ni Muomani. Kuuliza kwenye daftari za serikali kulichukua mwezi. Basi wakubwa walipata njia fupi, nayo ilikuwa mimi. Waliniita wakisema, "Njoo umsikilize huyu. Ni wenu au si wenu?" Kazi hiyo haikuwamo katika barua yangu ya ajira. Iliitwa kusikiliza tu. Nilikaa naye nusu saa nikamuuliza yale tunayoulizana harusini na matangani, mtoto wa nani, wa ukoo gani, mama yako katoka wapi, ulisoma Kurani kwa nani, kisha nikaandika mistari mitatu minne kwa wino wa kijani. Nikiandika "ni wetu", alihamishiwa ndani na jamaa zake wakatafutwa. Nikiandika "nna shaka", alingoja ndege, na waliorudishwa kwa ndege hawakuruhusiwa kuingia tena.

Nilijivunia sikio langu. Nilikuwa na uwezo wa kumjua mtu wa Pemba kwa neno moja na mtu wa mjini Unguja kwa kikohozi. Watu wa bara sikuwapenda sana, nasema kweli. Kwetu nyumbani walisemwa chini chini kuwa damu yao imechanganyika. Nyani haoni kundule. Babu yangu alikuwa na nasaba ya kusomwa kama khutba, mababu saba kwenda juu bila kuvuta pumzi. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na jina moja tu, bila baba wala babu mbele yake, na jina hilo sikuwahi kulitaja kazini. Siku moja chumba cha chai mwenzetu aliniuliza kwa mzaha nywele zangu nimezitoa upande gani. Nilicheka pamoja na wengine. Tangu siku hiyo nilijua kuwa nami nasikilizwa.

Mwanaidi aliletwa asubuhi ya siku ya joto kali. Alikuwa mwanamke wa miaka kama thelathini, mweusi, mrefu, kanga moja kiunoni na moja kichwani. Alitoka Tabora kwa viza ya matembezi kumtafuta baba yake. Pesa zikamwishia kabla hajampata, akaingia kufanya kazi katika nyumba moja hapa hapa Darsait, viza ikapita muda, akakamatwa dukani akinunua maziwa. Nilimtazama miguu kwanza. Ilikuwa imetulia, kisigino kwa kisigino. Wenye uongo huwa wanachezesha vidole, na hilo lilinikera, kwa sababu nilikuwa nimeshaamua kuwa ni mwongo.

"Mtoto wa nani wewe?" nilimuuliza.

"Wa Salim bin Khamis bin Salim."

"Na mbele yake?"

"Mbele yake sikuambiwa. Mama alisema hayo yatanitosha kumpata."

"Yuko wapi huyo baba?"

"Mama alisema kijiji cha wavuvi, nyuma ya mji wa zamani. Jina la kijiji lilimtoka."

Nilijua mara moja kuwa ni Sidab. Sikusema.

"Na mama yako mtoto wa nani?"

"Mama yangu Mmanyema," alisema. "Hana watu huku." Alilisema kama mtu anavyotaja mtaa anaokaa, bila kuinamisha kichwa.

Alikuwa na kiu, nikamtilia maji. Aliipokea gilasi kwa mikono miwili na akakunja magoti kidogo, kisha ndipo akanywa. Bi Rayya alikuwa amesimama mlangoni, akatabasamu, akasema kwa Kiarabu kuwa huyu kalelewa. Bibi yangu alipokea kikombe vile vile, magoti vile vile, hata akipewa na mimi mjukuu wake, na mama alikuwa akimgombeza asifanye hivyo mbele ya wageni. Mkononi nilikuwa na ushahidi kuwa mwanamke huyu kalelewa na Mmanyema kama alivyosema, na huo ushahidi nilikuwa nimeupata kwetu, jikoni. Nilimtazama Bi Rayya nione kama anatulinganisha. Alikuwa anatazama dirishani.

Ikaadhiniwa adhuhuri. Mwanaidi akaomba pa kusalia, nikampa pembe ya chumba, nikabaki kumwangalia. Alisimama, akafunga mikono kifuani. Moyo wangu ukatulia, maana hapo nilipata pa kushika. Sisi tuliokulia katika nyumba za Waarabu wa Unguja tulifunzwa kuwa Muomani akisimama kusali hushusha mikono ubavuni. Anayefunga ni mtu mwengine. Nikachukua kalamu yangu.

Niliandika: "Anataja mababu wawili tu. Mama si Mwarabu. Anasali kwa kufunga mikono. Nna shaka."

Bi Rayya aliisoma pole pole. "Una yakini?" aliniuliza.

"Shaka haitaki yakini," nilimjibu, na nikaona nimesema jambo la akili. Alinitazama kidogo, akatia saini yake nyeusi chini ya kijani yangu.

Wiki ile ile aliletwa mwanamke mwengine, nitamwita Thuraya. Alizaliwa Dar es Salaam, naye viza ilimpita, naye alisema baba yake ni wa huku. Kiarabu alijua salamu tu. Mababu zake hakumjua hata mmoja. Lakini alikuwa mweupe, pua imesimama, nywele zimelala, na askari wa mapokezi alimpeleka bweni la ndani moja kwa moja, akampa simu apige, jioni akaja mtu na gari akamchukua. Kumsikiliza huyo sikuitwa. Nilikuja kugundua, nilipoanza kuhesabu, kuwa katika miaka yote sikuwahi kuitwa kumsikiliza mweupe hata mmoja. Jalada la Thuraya nililifunga mimi, nikaliweka kabati moja na la Mwanaidi, na sikuona ajabu.

Mwanaidi alipandishwa ndege siku ya Jumatatu. Jumapili iliyofuata akaja mzee getini.

Walinzi waliniita kwa sababu mzee alianza vizuri kwa Kiarabu, kisha alipoambiwa keshaondoka, Kiarabu chote kikamtoka akabaki na Kiswahili cha Tabora. Alikuwa mwembamba, mweupe aliyeunguzwa na jua, kanzu safi, mkononi ana furushi la nguo mpya za kike na kikapu cha tende. Mwanamke mmoja wa Darsait alimpelekea habari Sidab kuwa binti yake anamtafuta. Alipofika kwenye nyumba aliyokuwa akifanya kazi binti akaambiwa kashikwa, na kuanzia hapo alizunguka siku tatu kutafuta kashikwa wapi.

"Waulize, mwanangu," aliniambia, "nani kasema si wangu?"

Nilitafsiri. Mlinzi akajibu, "Mwambie ni uamuzi wa ofisi."

"Wanasema ni uamuzi wa ofisi, baba," nilimwambia. Nilikuwa nikitazama kikapu cha tende.

"Ofisi haina macho," alisema. "Kuna mtu. Muulize ni nani."

"Wanasema hawajui."

Hilo mlinzi hakulisema. Ni tafsiri pekee ya uongo niliyoifanya katika miaka yangu yote, kwa ninavyojua, na niliifanya mbele ya baba mwenyewe.

Ikaadhiniwa alasiri. Mzee alitandika kilemba chake kivulini mwa ukuta wa geti, akaelekea kibla, akafunga mikono kifuani.

Nilisimama pale na funguo zangu. Pwani ya Oman imejaa watu wanaofunga mikono, wenyeji wa mababu kwa mababu, na jambo hilo anayezaliwa Maskati analijua tangu utotoni. Sisi tuliokuja na Uarabu wetu kutoka Unguja, tukiulinda kama ushungi kwenye upepo, ndio tuliokuwa hatulijui. Au tulilijua, tukalisahau pale lilipotufaa. Mzee alipomaliza aliniachia kikapu. "Wape waliomo," alisema. Nilimpa mlinzi, na nikarudi ofisini, na sikuandika neno.

Mtaniuliza kwa nini sikulifungua jalada siku ile ile. Nimejiuliza zaidi yenu. Nilijiambia ndege ikiruka haigeuzwi. Nilijiambia pengine mzee naye mwongo, Salim wako wengi. Nilianza kumshuku kila mtu, ila mkono wangu. Na nikaendelea kusikiliza. Niliwapitisha wengi, wengine niliwatilia shaka, na sasa siwezi kukwambieni kwa kila mmoja kama nilisikia au niliogopa.

Kompyuta zilipokuja, kusikiliza kukaisha, kwa kuwa daftari za serikali ziliulizwa kwa dakika chache. Nilifurahi kimoyomoyo. Majalada ya zamani yalichapwa upya, na vijana waliokodiwa kuyachapa walikuwa hodari. Walichapa kila kitu kama kilivyo, ila rangi. Neno langu lililokuwa la kijani, la karani mmoja tu, likawa jeusi kama saini ya mkuu. Mnapofungua mashine leo mkaona "shaka", mnadhani serikali ilishuku.

Miaka ilikwenda. Karibu na mwisho wa kazi yangu, nilipata mwaliko kutoka chuo kimoja hapa Maskati. Mwalimu aitwaye Hilal alikuwa akiwakusanya wanafunzi na watu wa mjini kila mwezi wazungumze juu ya mambo yanayowagawa, na mwezi ule zamu ilikuwa ya rangi. Alitaka mtu aliyefanya kazi gerezani. Niliuliza nani kampa jina langu, akasema amesahau, na hilo halikunipendeza. Nilikwenda kwa sababu kukataa nako kungelifasiriwa.

Tulikaa duara, wasichana upande, wavulana upande, wazee wachache katikati, na birika za kahawa. Mwalimu Hilal akasema, "Yatakayosemwa humu yatabaki humu." Hapo niliuvuta mkoba wangu karibu. Nimefanya kazi gerezani, najua kinachobaki ndani.

Lakini vijana walisema. Mmoja alisema posa yake ilirudishwa kwa sababu ya rangi ya bibi yake. Msichana mmoja alisema uwanja wa ndege aliambiwa asimame foleni ya wafanyakazi wa ndani, pasi ya nchi ikiwa mkononi mwake. Mwengine alisema kaka yake alikaa mahabusi siku nne kwa sababu shahidi alisema aliyeiba ni mweusi, na yeye ndiye mweusi aliyekuwa karibu. Ilipofika zamu yangu nilieleza mabweni mawili kwa maneno laini, nikasema zamani mambo yalikuwa hivyo na sasa yamebadilika.

Msichana mmoja mweupe, aliyekuwa hajasema kitu, akanyanyua mkono. "Khala," alisema, kama anayemwita mama mdogo, "wale wasio na karatasi, nani alikuwa akiamua?"

"Kamati," nilisema.

"Ya watu wangapi?"

"Wa kutosha."

Aliandika kwenye daftari lake. Nilijaribu kusoma kichinichini, sikuweza.

Nilipotoka alikuwa ananingoja kwenye gari langu. Jina lake lilikuwa Shadya, wa Sidab. "Babu yangu anaitwa Salim bin Khamis," alisema. "Ana binti Tabora. Baba yangu kaomba mara tano aingie japo kwa matembezi, kila mara mashine inasema shaka. Babu ni mgonjwa, khala. Hatunywi naye kahawa tena, tunamnywesha. Anasema siku ile getini palikuwa na mwanamke akitafsiri, na hakumtazama usoni hata mara moja."

"Wakalimani tulikuwa wengi," nilimwambia.

"Kwa Kiswahili?"

Niliingia garini. Nilishuku kuwa anarikodi, kuwa mwalimu kampanga, kuwa mwaliko wote ulikuwa mtego. Nusu yake ilikuwa kweli, Shadya alikuja kuniambia baadaye: yeye ndiye aliyetoa jina langu, baada ya kuulizia nani alikuwa mkalimani wa Kiswahili gerezani. Kwa hiyo shaka yangu ilikuwa na haki, lakini haikunisaidia kitu.

Asubuhi yake niliteremka chini, nikafungua kabati la majalada ya karatasi. Nilikuta mistari yangu minne, kijani kama jana. Nililichukua jalada chini ya abaya, kosa ambalo mimi mwenyewe ningelimwandikia mtu ripoti, nikaenda kwa Bi Rayya. Alikuwa amestaafu, anakaa Wattaya kwa mwanawe, nyuma ya maduka ya magari. Alisoma kwa miwani miwili, mmoja juu ya mwengine.

"Nilikuuliza kama una yakini," alisema.

"Uliniuliza."

"Ulijua ni kweli?"

"Nilijua."

Alivua miwani yote miwili, akaiweka juu ya jalada. "Wino ule hukupewa kwa heshima," alisema. "Nilikupa ili siku mtu akija kuuliza nani kasema, pasiwe na wa kumsingizia. Na saini ni yangu. Andika, na mimi nitatia tena."

Niliandika kwa kijani. Niliandika kuwa mimi ndiye niliyemsikiliza Mwanaidi binti Salim, kuwa alisema kweli na nilijua anasema kweli, kuwa sikuwa na shaka bali nilikuwa na hofu ya nafsi yangu, na kuwa kufunga mikono si ushahidi wa chochote. Nilikwenda nikaikabidhi kwa mkuu mpya. Mlinisikia nikiitwa ofisini mara tatu wiki ile, mkashuku yenu. Kama baada ya hapo nilistaafu au nilistaafishwa, hilo mwaweza kuliacha. Karatasi ilikaa mezani kwa mtu wiki nyingi, kisha ikapita.

Mzee Salim hakuingoja. Alizikwa Sidab siku kumi na moja kabla ya binti yake kutua.

Shadya alinipigia simu, akasema shangazi yake kafika na anataka kuniona. Nilijua naitwa, sikaribishwi. Nilikwenda peke yangu. Mwanaidi alikuwa amekaa kwenye mkeka katika chumba cha baba yake, amenenepa kidogo, nywele zimeingia mvi, miguu imetulia kisigino kwa kisigino. Hakuinuka. Hakunipa mkono. Alinionyesha pa kukaa, mbele yake.

"Mtoto wa nani wewe?" aliniuliza.

Nilimjibu. Nilitaja baba na babu na waliotangulia, mmoja mmoja, mpaka nikafika wa saba.

"Na mama yako mtoto wa nani?"

Nilitaja babu mzaa mama.

"Nimekuuliza mama yako kazaliwa na nani."

Shadya na baba yake walikuwa mlangoni. Miaka hamsini na kitu sikuwahi kulisema jina lile mbele ya mtu asiye wa nyumbani kwetu.

"Na Subira," nilisema. "Hakuwa na jina la baba. Alitekwa Manyema akiwa mdogo, akauzwa, babu yangu akamfanya suria. Alikuwa akipokea kikombe kama unavyopokea wewe."

Mwanaidi alinitazama. Sikumtazama miguu. Kisha alitia maji katika gilasi, akanipa, na nikajikuta nimeipokea kwa mikono miwili.

"Ungeniambia siku ile," alisema, "tungekuwa wawili mle ndani."

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo, wenzangu. Kabati la majalada ya karatasi liko chini, la tatu kutoka mlangoni, na ufunguo wake huwa unakwama, unyanyueni mlango kidogo. Mtu yeyote akija getini kumuulizia jamaa yake na mashine ikasema shaka, msiiamini mashine. Teremkeni mkaangalie karatasi. Penye wino wa kijani ni mimi, na mimi msiniamini.